Gari ya Rimoti na Meno ya Cherehani

Jumatatu, 4 Agosti

Gia imekatika meno tena. Ya plastiki. Gari yangu ya rimoti, hii ya injini ndogo inayokunywa mafuta ya nitro, iko na nguvu kuliko pikipiki za vijana wote wa Mahoko, lakini walioitengeneza waliipa meno ya mutoto.

Na jana niliapa mbele ya watu kwenye chai: Jumapili itavuta chukudu ya Deo, shemeji yangu, kaka wa bibi yangu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali anayobebea mizigo Goma. Walicheka wote. Hakuna mutu anaamini hadithi zangu, hata ile niliogelea mpaka Goma na mbuzi mugongoni. Hii lazima waione na macho.

Mi ni fundi wa cherehani. Nimefungua cherehani ya zamani, nikatoa gia ya chuma, nikapanua tundu lake na tupa. Imeingia. Hakuna fundi mwingine Gisenyi angewaza vile. Wala Kigali.

Jumanne, 5 Agosti

Iliunguruma, ikazima. Gia zilibanana. Zaina, bibi yangu, anasema hata suruali za wateja nazibana hivyohivyo. Aibu.

Bon. Nikaweka karatasi ya patroni, ile ya kuchorea nguo, katikati ya meno, nikakaza skrubu, nikavuta karatasi, ikaacha nafasi kidogo. Sasa inazunguka kama imepakwa samli.

Alhamisi, 7 Agosti

Gia haina hata alama. Shafti ndiyo imejipinda kama shingo ya kuku. Nguvu ikikosa cha kuvunja hapa, inashuka kuvunja pale. Nimeelewa peke yangu, bila shule.

Nimekata fimbo ya sindano ya cherehani ileile. Chuma hiyo haijui kupinda. Shafti mpya.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo imevunjika diferensho ya nyuma, ile inayoacha matairi mawili yazunguke tofauti kwenye kona. Nilitoka kuswali, nikaichomelea na brasi, ikawa kitu kimoja. Sasa gari haikati kona. Donc basi, tutavuta moja kwa moja.

Naogopa kidogo. Sikupaswa kuandika hiyo. Nimeandika.

Jumapili, 10 Agosti

Barabara ya ziwani. Watu elfu. Haya, walikuwa wengi.

Nilimpa Deo mwenyewe ashike usukani wa chukudu, mutu asiseme nimesukumiwa. Nikafunga kamba toka gari mpaka chukudu, nikabonyeza rimoti. Moshi. Matairi yanazunguka palepale, chukudu imekaa kama mulima. Meno yanalia lakini hayakatiki. Mutu akapiga kelele: "Tonton, funga yule mbuzi wako avute!" Moyo ulianguka.

Ndipo Zaina: "Kaka Deo! Na huo muguu kwenye freni?"

Ayiwe! Kweli ulikuwa kwenye freni, umekanyaga gurudumu lisiende. Watu wakamuzomea. Deo naye akacheka, akautoa. Gari ikaruka mbele, chukudu nyuma, Deo anakimbia pembeni ameishika isianguke, toka duka la mikate mpaka nguzo ya umeme. Gia nzima. Shafti nzima. Diferensho nzima.

Machozi yalinitoka. Zaina aliyaona. Nikamwambia ni moshi.

Jumatano, 13 Agosti

Nilivuka mupaka kununua nyuzi. Kwenye chai ya Goma, mutu asiyenijua alinisimulia habari ya kagari ka Gisenyi kalikovuta chukudu yenye magunia ya viazi, kupandisha mulima. Deo alikuwa amekaa hapo. Aliitikia tu: ndiyo, niliona.

Mi sikuongeza neno. Nikamaliza chai yangu polepole.