Barua ya Kuacha Treni

4 Februari

Kwako Baba Watoto,

U hali gani, na kifua kimetulia? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Kila siku ukumbi mwingine, kila siku maikrofoni mbovu.

Kitabu ndicho hicho! Kimetoka juzi, bado kinanuka wino, na nakala ya kwanza nilisema ni yako, mtu asiiguse. Barua zangu za miaka yote zimo: nilizomwandikia Mhariri na nilizokuandikia wewe, zimepangwa kwa tarehe. Asante kwa kunipa lile boksi lako la viatu lililojaa barua bila kuuliza swali. Mwanamume mwingine angetaka kwanza tuitiane wazee.

Watu wanazipenda zako kuliko za Mhariri. Jana nimesoma redioni ile ya treni, mtangazaji akashindwa kuendelea. Wananiuliza, huyo mume yuko wapi tumwone? Nawaambia yuko nyumbani anapika. Wanacheka hao!

Binti yetu mwambie asikupore kitabu, asubiri umalize.

Mkeo akupendaye,
Mama Watoto

19 Februari

Mama Watoto,

Salamu. Kifua kimetulia. Huku sote wazima wa mwili.

Simu zako nimeziona. Sipokei. Hili nikilisema kwa simu utanikatiza, na ukinikatiza mimi husahau nilikuwa wapi. Kwa hiyo soma.

Kitabu nimekimaliza. Barua za Mhariri ni wewe mtupu. Unalalamika, unaomba akuongezee muda, unamsema kwa kukukatia sura ya tatu, unamwambia jino linauma. Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nageuza ukurasa nakutana na barua uliyoniandikia mimi, na humo kuna mwanamke simjui anaongea na mume simjui. "Ewe nguzo ya nafsi yangu." Lini, mama wewe? Lini uliniita nguzo? Uliniita Dereva. Ukikasirika uliniita We Bwana. Barua zangu zilikuwa na habari za unga na sare za shule na kitinda mimba wetu alivyomeza kifungo. Ziko wapi? Mhariri amepewa barua, mimi nimepewa riwaya.

Hayo ningemeza. La treni limenikwama.

Umeandika kwamba mimi ndiye niliyekwambia nimechoka na reli, nataka kukaa nyumbani na watoto, na wewe ukaniruhusu. Ukaniruhusu! Mimi nilichoka? Nilikuwa msaidizi miaka na miaka, nanuka grisi hadi kwenye nyusi, mpaka nikapewa treni ya abiria niiendeshe mwenyewe. Siku ya kwanza ulikuja stesheni na watoto, ukapunga mkono hadi behewa la mwisho likapita. Mwaka haukuisha, ukapata nafasi ya kwenda kuandika mbali, ukaniandikia niache. Nikaacha. Sikununa. Nikajifunza kusuka nywele za binti yako mpaka majirani wakaniletea na wa kwao.

Sasa nikienda kwa kinyozi, wenzangu wa reli wananiita Bwana Kuchoka. Wamekusikia redioni. "Kumbe ulichoka, bwana! Na miaka yote unatuambia mke alikuomba!" Wanatania, sawa, lakini yule niliyemfundisha kazi hakutania. Alinitazama, akajifunika gazeti. Na binti yetu kaniuliza mbele ya mumewe, "Baba, kwa hiyo ulitudanganya?" Nimjibu nini? Mimi nina mdomo tu, mama yake ana kitabu.

Niletee ile barua yenyewe, karatasi yenyewe. Nimwonyeshe mtoto wangu.

Mumeo

2 Machi

Dereva wangu,

Pole na mvua, nasikia huko haikatiki. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Umenichoma, We Bwana. Lakini na mimi nisikilize. Barua zile zilikuwa mbaya! Nusu ni unga, nusu ni nani kaharisha. Mimi ni mwandishi, nitawapa watu hayo wasome? Za Mhariri sikuweza kuzigusa, anazo zote kwenye faili lake, angeniumbua. Za kwako nilizinyoosha, kama ninavyonyoosha kila ninachoandika. Wewe mwenyewe umeshaniona nasahihisha hadi kikaratasi cha sokoni.

Ile ya treni, basi, niseme ukweli. Mhariri alisema ikibaki ilivyo nitaonekana mwanamke katili, nimemtoa mume kazini ili niandike. Nikafikiri wewe huna makuu, hutajali. Na hivi kweli hukuwa umechoka hata kidogo? Ulikuwa unarudi macho mekundu, huongei na mtu.

Karatasi zimebaki kwa Mhariri, nitamwuliza. Hao wa kwa kinyozi waache, hawana kazi.

Mkeo,
Mama Watoto

8 Machi

Mama Watoto,

Salamu zimefika, nami nakusalimu.

Macho mekundu ni ya upepo wa dirishani. Na kabla sijafika mlangoni nilikuwa napiga mluzi tangu kona ya duka. Mluzi hukuusikia, macho ukayaona?

"Hutajali." Nimelisoma hilo neno mpaka likanichosha. Najali sana, Mama Watoto. Nimeumia. Ulichoniomba nilikupa kwa moyo mmoja, na sijapata kumpa mtu kitu kikubwa kama kile. Nikipita relini roho ilikuwa inaniuma, lakini najiambia, we mzee, ulitoa. Wewe una vitabu vyako kabati zima. Mimi nilikuwa na hilo moja, na umelishika ukaliandika upya likawa uvivu wangu.

Sikuombi ukichome kitabu. Naomba karatasi tu. Binti yetu haji tena Jumapili, anasema watoto wana mafua. Mafua gani hayo ya kila wiki?

Mumeo

21 Aprili

Dereva wangu mpenzi,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Samahani nimekawia hivi, nilijua umenuna na una haki. Mhariri alikuwa safarini na kabati lake lina kufuli.

Sasa furahi. Ndani ya bahasha hii kuna barua yako. Ndiyo yenyewe. Nilipoishika nililia, nilikumbuka kila neno, hata meza mbovu niliyoandikia. Mwonyeshe binti yetu, kisha umpeleke kwa kinyozi naye akawasomee wote, akianza na yule wa gazeti! Na toleo la pili likichapwa itaingia hivi hivi ilivyo, nimeshamwambia Mhariri kuwa ukatili wangu ni mali yangu.

Yaishe basi, eti? Nakuja mwisho wa mwezi ujao.

Mkeo wa siku zote,
Mama Watoto

5 Mei

Mama Watoto,

Natumaini uvimbe wa miguu umepungua. Huku salama. Bahasha imefika.

Binti yetu nilimwita, akaja Jumapili. Nilimpa karatasi nikakaa pembeni, sikuweza kumtazama. Akasoma kwa sauti: "Nakuomba kwa magoti, Dereva wangu, shuka kwenye treni yako kwa ajili yangu, na hadi nazeeka nitajua ni nani aliyenibeba." Alipofika hapo akaiweka mezani. Akaja akanishika shingo, akasema, "Baba, nisamehe. Kweli Mama ndiye aliyekuomba." Nikamwambia yameisha, mwanangu. Tukala pamoja. Wajukuu wakanikalia magotini hadi jioni, na hawakuwa na mafua yoyote.

Ni barua nzuri. Karatasi umeipata ya zamani, sijui wapi, na mwandiko ni wako. Lakini siyo, Mama Watoto. Hii sijapata kuiona maishani mwangu.

Ile ya kweli ilikuwa mistari minne. Nilikuwa nayo mfukoni siku nilipokabidhi sare, ndiyo maana naijua kwa moyo. "Acha treni. Sirudi kabla kitabu hakijaisha. Watoto hawana mtu. Nijibu haraka." Basi. Hapakuwa na magoti, wala hukuniita Dereva. Uliandika kama mtu anayekimbilia basi. Na mimi kwa hiyo mistari minne nikaacha treni, kwa sababu wewe ndiye uliyesema.

Nilidhani umeibadilisha kwa aibu. Aibu ningeielewa, maana mwenye aibu anakumbuka alichofanya. Kumbe hukumbuki. Uliitupa ulipokwisha kuinyoosha, au iliishia kwenye taka za Mhariri, ukakaa mezani ukajiuliza, hivi yule nilimwambia nini? Ukabuni. Na umebuni vizuri, kazi yako unaijua. Hata mimi nilitamani ungekuwa umeniandikia hivyo.

Binti yetu sikumwambia. Alivyofurahi vile, ningemwambiaje? Ameichukua kwake, anataka kuitia kwenye fremu aitundike sebuleni. Aliponiuliza kama niliwadanganya, nilikuwa sijawahi. Sasa nimemdanganya, nikiwa nimekaa naye meza moja, na nimetumia barua yako.

Ukija, nyumba ni yako, ingia. Chakula kitakuwepo. Ila usiniandikie tena.

Baba wa watoto wako