Papa, Hata Wale wa Italia Walifunga Ndoa

Hapana, Papa mpendwa, bado nakataa. Uliponiambia kwenye simu, "Mumethodisti na Mukatoliki? Muungano ya vile inavunjikaka," kisha Mama akaja harusini peke yake, nililia. Leo silii tena. Nina furaha mpaka mume wangu Kasongo ananicheka, na jibu lako nimelipata ndani ya somo lako mwenyewe!

Unakumbuka ulipokuwa mwalimu wa historia hapa Kamina? Jioni uliendelea na Italia mezani, bukari yetu ya unga wa mahindi ikipoa. Mama akilalamika, "Basi Italia njo itakula bukari hii?" Wewe unasogeza samaki huku, sombe ya majani ya muhogo kule. Samaki ni Wakatoliki wa mrengo wa kushoto, sombe ni wakomunisti wa zamani. Miaka mingi walipingana, kisha wakaungana chini ya alama ya mti, wakashinda uchaguzi. Wakaanguka. Wakarudi kwa jina jingine, vyama tele, wakashinda kwa shida, wakaanguka tena.

"Sababu gani, Papa?"

"Balijua nani ya kupinga, mutoto yangu. Habakujua nini ya kujenga."

Papa, maneno hayo yaliokoa harusi yangu! Kwaya yetu ya Kimethodisti na kwaya ya Kikatoliki ya kina Kasongo ziligombana nani aimbe kwanza, kila moja na kitenge chake. Nikawasimulia Italia yako yote. Kasongo akadakia, "Basi tujenge! Soprano bote huku, besi bote kule!" Vitenge vikachanganyika, wakaimba kama kwaya moja. Mama mkwe akacheka, "Sasa Mumethodisti iko nani hapa?" Loo, Papa, ungeona!

Ila somo lako uliliachia njiani. Vile vyama viwili vikubwa, samaki na sombe wako, mwishowe vilijivunja, vikawa chama kimoja. Si ndoa hiyo? Najua, hata humo hawakuacha kubishana. Sisi pia tumeanza, juu ya chumvi! Lakini tunajua tunachojenga: nyumba moja, na meza ambayo wewe tu unakosekana.

Sikuombi unipe ushindi. Nakuomba baraka yako. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika kwako Mulongo, mimi na mume wangu. Muulize swali lako gumu kuliko yote, amejiandaa. Wewe utuwekee sahani moja tu, samaki na sombe pamoja.

Binti yako, uliyemfundisha kubishana