Machela ya Sabina

Mkolani, Mwanza
14 Septemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Poleni na jua la huko Ukerewe, tumesikia mihogo imenyauka. Magoti yako yanaendeleaje? Huku hatujambo. Baba Tereza anakusalimu, Tereza wangu ameota meno ya kuuma watu, na mjukuu wako Maige ni mzima kabisa. Mimi pia mzima, ila miguu.

Barua yako nilipewa na yule mama wa dagaa. Umeuliza tena kama Maige ameacha ziwa, maana siku ya matanga ya mdogo wangu Sabina tulikubaliana nimnyonyeshe mwanawe pamoja na Tereza, akiacha umchukue. Nitakujibu mama, ila kwanza nikueleze ya machela.

Unakumbuka Sabina alijifungua, damu ikakataa kukatika, tukamsukuma kwa mkokoteni wa matofali, akatuishia njiani. Ndipo sisi kinamama wa kigango tukaapa kununua machela ya magurudumu. Siku hizi hata pamba unakwenda nayo zahanati mwenyewe, machela atakupa nani? Mwezi wa nne tukatwanga makopa ya mihogo sokoni, anayetua mchi anatoka, watu wanachangia wanaobaki. Nilibaki mimi. Mwezi wa sita tukapandisha maji mlimani, ndoo kichwani. Jumamosi iliyopita ikawa matembezi, Buhongwa hadi Mirongo, kila kilometa na mchangiaji wake. Mimi niliahidi kwenda na Maige mgongoni bila kumtua.

Teodora, katibu wetu, alinitania njia nzima kwamba nimebeba bwana mzima wa kuoa. Tulipofika Mkuyuni Maige akataka kushuka. Nikamwambia siwezi, nimeahidi watu. Akanipiga ngumi za mgongo mpaka akateleza chini, akaenda mwenyewe kwa mchoma mahindi, akapewa muhindi, akautafuna wote huku anatembea. Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia, wakadhani ni uchovu. Teodora akasema nimeshindwa, halafu akanihurumia, akasema kilometa zilizobaki ataziandika kwa jina la Maige.

Mama, Maige aliacha ziwa tangu Pasaka. Juni nilikuandikia bado ananyonya. Nilikudanganya. Kila shughuli ilipokwisha mimi ndiye niliyedai nyingine, ili niwe na la kukuandikia badala ya hilo. Nimechoka, mama. Sasa machela imefika zahanati, na sina tena pa kujificha.

Nitamleta Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Akiniita mama mbele yako usiumie, amejifunza kwa Tereza. Nakuomba tu nisirudi siku hiyohiyo. Niache nilale hapo siku mbili tatu, azoee sauti yako. Na kama atakataa kabisa kubaki, basi mama, tukae tuzungumze upya kama tulivyokaa siku ile ya matanga.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliotusaidia kumzika Sabina. Maige muhindi wake anapenda uungue kidogo.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Evelina