Gredi za Newala

Baba Yohana, amani ya Bwana ikae nanyi hapo Lulindi.

Huku Newala, tangu wanunuzi binafsi waje, kila kitu kina gredi kama korosho: mboga, walimu, hata maji. Maji ya mvua ndiyo gredi ya kwanza, maana huku juu maji ni ya shida na kila tone linahifadhiwa. Nilipofika kumposea Yohana wetu, wakweze wakanipa kikombe cha hayo. Nikanywa nusu, iliyobaki nikaimwaga uani kama tufanyavyo nyumbani. Wote wakaitazama ardhi ikiyanywa. Nikasema moyoni, posa imekufa.

Bibi wa binti akaguna: "Mama Yohana, wewe gredi ya pili. Ila kijana mlete, tumchambue wenyewe."

Nimeomba radhi, nimemshukuru Mungu. Mzoeze Yohana kumaliza kikombe. Wabusu watoto, Bwana awafunike.

Mama Yohana