Nilivyoposwa kwa Kihispania

Harrow, London

Mdogo wangu mpenzi Sabina,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Muheza. Goti linasemaje siku hizi? Na kuku wa jirani wameacha kukumalizia mchicha, au bado mnatoleana maneno uani? Mimi mzima. Nimerudi Harrow salama, na wazee ninaowahudumia kazini wamenipokea kana kwamba nimetoka vitani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako kila nikipiga inakatika, na habari hii haifai kukatikakatika. Mama Furaha anakuja Tanga, ndiye mbebaji. Mpe chai, lakini usimsomee.

Kama ujuavyo, mwanangu Neema na mumewe Andrés wanaishi kwao mume, Hispania, katika mji mdogo wa mlimani wenye mizeituni mingi kuliko watu. Alipojifungua mtoto wa pili, binti, nikaomba likizo ndefu nikamtunze mzazi. Nikaenda dukani Rayners Lane kwa yule Mhindi mzaliwa wa Mombasa, nikanunua unga wa uwele, iliki na pilipili manga, nikajiona nimekamilika. Kumbe lugha sikununua.

Nyumba ile wanaishi na mama yake Andrés, Donya Encarna (donya kwao ni kama kusema Bibi), mjane kama mimi, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda mikate maisha yake yote. Alinibusu mashavu yote mawili, akasema maneno mengi, nikajibu "Sí," yaani ndiyo. Akasema mengine, nikajibu "Sí." Baadaye Neema akaniambia nimekubali kula konokono.

Sasa sikiliza. Mjukuu wangu wa kwanza, Mateo, ana miaka mitatu. Kwa kuwa amepata mdogo, nikaanza kumwita "kaka" kumpa heshima yake. "Kaka, njoo! Kaka yuko wapi?" Nikashangaa kila nikimwita, Encarna anaacha alichoshika, anamkwapua mtoto na kukimbia naye chooni. Nikasema moyoni, huyu mama ana wivu, hataki mtoto anisogelee. Nikazidi kuita, naye akazidi kukimbia. Mtoto wa watu alishinda chooni. Encarna akampikia wali mlaini usio na chumvi, majirani wakaleta majani ya chai ya tumbo, na mwenye duka la dawa akaja mwenyewe kumtazama ulimi.

Neema alikuwa chumbani na kichanga. Alipotoka na kumkuta Mateo amekaa chooni na bakuli la wali magotini, akaulizia kisa, kisha akacheka mpaka akashika mshono wa uzazi.

"Mum, stop calling him that! Kwa Kihispania hiyo ni kinyesi!"

Sabina, nilikuwa nimetangaza kinyesi mtaa mzima, tena kwa sauti ya furaha.

Siku hiyohiyo nikajiandikisha darasani. Mwalimu alikuwa msichana mpole, Maribel, na wanafunzi wenzangu walikuwa dereva wa lori kutoka Romania na bibi na bwana wa Kiingereza waliokuwa wakigombana kwa Kiingereza muda wote. Mwanzoni nilichanua. Meza ni mesa, bendera ni bandera, karibu vilevile. Nikasema, lugha hii tulishapewa nusu, bado nusu. Lakini hiyo nusu iliyobaki ina vitenzi, na vitenzi vyao vina vichwa vigumu kuliko punda wa babu.

Hata hivyo masikio yakafunguka. Na unajua sentensi ya kwanza niliyoielewa yote, neno kwa neno, bila msaada? Ilikuwa asubuhi jikoni. Encarna ananikodolea macho huku akikata mkate, akasema: "¿Cuándo te vas?"

Unaondoka lini?

Kesho yake akauliza tena. Keshokutwa yake pia. Nilifua, nilipika, nilibembeleza mtoto, na kila nikishusha pumzi swali lilelile. Sikumwambia Neema. Mzazi haongezewi mzigo. Lakini niliingia bafuni nikafungulia maji, nikalia kidogo. Kwa wakwe ukiulizwa siku ya kuondoka, umekwisha kuondoshwa.

Basi kuna mzee Paco, mgane, muuza nyama wa pale mjini. Siku moja alinikuta napandisha mlima na vikapu, akanipokea kimoja. Tulipofika juu akaniuliza kwa upole, "¿Casada?" Mimi nikajua ananiuliza kama nimechoka. Mimi, niliyekulia Amani nikipandisha ndoo ya maji kichwani! Nikajipiga kifua, nikamjibu kwa nguvu zote: "¿Yo? ¡Nunca!" Mimi? Kamwe!

Kumbe kuchoka ni cansada. Casada ni kuolewa. Herufi moja tu, Sabina.

Jumapili mlango ukagongwa. Paco amevaa suti, nywele kazilaza kwa mafuta, begani kabeba mguu mzima wa nguruwe mkavu, kwato na yote. Nikatafuta pa kujificha. Encarna, badala ya kushangaa, akang'aa kama sinia! Akamvuta kiti, akaweka kahawa, akaanza kunisifia mbele ya mgeni: nina nguvu, msafi, napika, sili sana. Kihispania changu kilitosha kuelewa yote. Nilikuwa ng'ombe mnadani.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasimama, vitenzi nikavitupa upande, nikasema nilivyoweza: "Encarna! Kila asubuhi, unaondoka lini, unaondoka lini. Leo, olewa, kaa hapa. Unataka nini wewe?"

Encarna akakaa. Akajifuta uso kwa aproni, na safari hii akasema polepole, kama mtu anayemlisha mwingine kwa kijiko.

"Ukiondoka, Neema anaondoka. Watoto wanaondoka. Namsikia kwenye simu: London, nyumba, London. Kila asubuhi nauliza, niwe tayari. Lakini ukiolewa na Paco, unabaki. Wote mnabaki."

Kumbe kila siku alipokuwa akikata mkate ule, alikuwa akihesabu atakavyoachwa peke yake. Nami nikidhani wivu, nikidhani kiburi! Nikamshika mikono. Nikamwambia: "Niños aquí. Yo, sola." Watoto hapa, mimi naondoka peke yangu. Ilikuwa kweli, Sabina, na ilinikata nilipoisikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwenye simu Neema alikuwa akiniulizia kwa majirani nyumba yangu ya Harrow tu, kama paa bado linavuja. Tukalia sisi wawili, wajane wa mabara mawili.

Maskini Paco alikuwa bado na kikombe mkononi. Alipoelewa kwamba hana bahati, akasimama, akautazama mguu wake mezani, akauliza kama aondoke nao.

"Mguu unabaki," akasema Encarna.

Baada ya hapo tulipatana. Alinifundisha kukanda mkate, nami nikamfundisha uji wa uwele, ambao aliuita saruji ila alimaliza bakuli.

Siku ya kuondoka alinisindikiza kwenye basi. Alikuwa amemwomba Neema kisirisiri amfundishe neno la heshima kabisa la Kiswahili. Akasimama mbele yangu, huyu mama aliyenizidi miaka kumi na ushee, akanyoosha aproni, akasema kwa sauti ya kanisani: "Shikamoo."

Sikuwa na Kihispania cha kumweleza kwamba salamu ile nilipaswa kuianza mimi. Basi lilikuwa linanguruma, macho yake yananingoja. Nikajibu, "Marahaba."

Nisalimie shemeji Leonard, mwambie apunguze tumbaku. Nisalimie shangazi Veronika, na yule binti wa marehemu kaka yetu anayefundisha chekechea. Wote waambie nawabeba moyoni.

Ni mimi dada yako, ambaye bado hajaolewa wala hajachoka,

Rehema