Daktari Alisema ni Nadra

Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni Leokadia, mke wa Malimi, tunakaa Madibira tangu tulipohama na ng'ombe kutoka Shinyanga, na neno moja tu limetugawanya nyumbani. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa kupasuliwa, sasa nina mimba ya miezi saba, nikaenda hospitali ya misheni kule Iringa kuuliza kama naweza kuzalia nyumbani kwa mkunga, daktari mzungu akaongea kirefu akionyesha vidole, halafu muuguzi Benedicta akanitafsiria kwa kifupi kwamba kovu la ndani linaweza kuachia wakati wa uchungu lakini ni nadra, nami nikaitikia ndiyo na hilo neno silijui, niliona aibu kuuliza maana foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi, Malimi akamuuliza jirani yetu mwalimu Filemoni, akaambiwa nadra ni jambo linalotokea kwa shida sana. Mama mkwe akafurahi, akasema linalotokea kwa shida ni sawa na halipo, yeye kazaa wanane kwa mkunga, basi nikae nyumbani. Malimi kasikia vingine. Aliniambia, "Kinachotokea kwa shida si kinatokea?" na tangu siku hiyo chakula hakimshuki, ila hataki kubishana na mama yake, kwa hiyo ananyamaza. Masika yakikolea barabara ya huku inakatika, mpunga unataka kulindwa ndege, na mtoto sina wa kumwachia ila huyo huyo mama mkwe. Nadra ni kiasi gani, Mama?

Leokadia, Madibira

JIBU

Mwanangu Leokadia, pole. Mama mkwe wako alilisikia neno hilo kwa matumaini, mumeo akalisikia kwa hofu, na hakuna aliyepewa kipimo chake. Benedicta alifupisha mno. Nawe uliitikia usichokielewa kwa sababu ya foleni. Foleni haitakuzalia, mwanangu.

Nimemwuliza daktari wa wazazi hapa Mbeya. Anasema chukua wanawake mia waliopasuliwa mara moja kama wewe, kisha wakashikwa na uchungu: kovu litaachia kwa mmoja, pengine wawili. Waliobaki wote hawapati shida hiyo. Nadra ndiyo hiyo. Mwambie Malimi ale.

Lakini nilimwuliza pia jambo ambalo kwenu hakuna aliyeuliza: huyo mmoja anakuwaje? Akiwa hospitali anapasuliwa upesi, na mara nyingi anapona yeye na mtoto. Akiwa mbali na barabara imekatika, mara nyingi wanazikwa wote wawili. Nadra ya kunyeshewa na nadra ya kufa hazipimwi kwa kibaba kimoja.

Kwa hiyo usizalie nyumbani. Ondoka kabla masika hayajakolea, ukakae karibu na hospitali mpaka ujifungue. Ndege wa mpunga, Malimi atawafukuza mwenyewe. Na azungumze na mama yake, kwa adabu, lakini azungumze. Kunyamaza si heshima. Mtoto na bibi yake nenda nao. Mkifika, mwombe Benedicta ayarudie maneno yote ya daktari, mama mkwe akisikia, na msiitikie mpaka mjue ni wangapi kati ya mia na hao wachache hupatwa na nini.

Barua yako imechelewa kunifikia, na gazeti nalo litachelewa kufika huko. Ukishasoma haya usiniandikie tena kuuliza. Funga mzigo.