Kwa Papa Apollinaire, Aliyeonja wa Kwanza

Mwaka umetimia, Papa Apollinaire, tangu Jumapili ile macho yako yalipoingia giza, na kesho yake ukatuacha.

Miaka ishirini na sita uliwahudumia watu mezani katika hoteli ya kando ya ziwa. Ndiko ulikojifunza kuoanisha whisky na chakula: ile nyepesi kwa sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga na ndimu, ile yenye harufu ya moshi kwa brosheti, mishikaki ya mbuzi. "Chakula njo mwenye nyumba," ulikuwa ukisema. "Whisky iko mugeni. Mugeni asipige makelele kupita mwenye nyumba." Mke wako, Maman Godelive, alikucheka mpaka machozi siku ulipotafuta whisky ya kuendana na sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Papa Dany, sombe inaomba bugali tu!"

Hukuwa mlevi. Tunalisema wazi kwa sababu watu hawakosi la kusema.

Desturi uliishika: anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni akiona, ili ajue hakuna sumu. Siku ya mahari ya binti yako Fabiola, wakwe walipofika kutoka Kavumu, mwanao wa kwanza, Dany, alileta chupa ya whisky aliyoinunua mjini. Alitaka baba yake aonekane. Hakujua kwamba chupa ile nzuri ilikuwa imejazwa pombe mbaya.

Ulimimina glasi mbili kubwa, yako na ya mkwe wetu, Mzee Alphonse, baba wa bwana harusi. Ukanusa yako. Ukainusa tena, kisha ukainywa yote. Halafu ukamtoa Mzee Alphonse glasi mkononi, ukacheka: "Mukwe, unisamehe, hii haipatane na mbuzi. Mutuletee kasiksi!" Ukainywa na hiyo, isije ikabaki mezani mtu akaijaribu, na chupa ukaisukuma chini ya kiti chako. Wote walicheka: Papa Apollinaire na mambo yake ya hoteli! Wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakala, wakarudi Kavumu wazima.

Kesho yake, hospitalini, ulimwambia Maman Godelive, huku ukimtafuta kwa mkono kwa sababu ulikuwa humwoni: "Nilisikia harufu yake mbele ya kumeza. Ningeitema, wangesema kwa Apollinaire kuko sumu, na ndoa ya mutoto ingekufa palepale. Nilizani itaniumiza kichwa tu. Usimuambie Dany."

Alikutii, na kimya hicho kimemla mwaka mzima. Fabiola aliolewa. Lakini mtaani walianza kunong'ona kwamba mtoto amempa baba yake sumu apate kurithi kiwanja chake. Dany akawasikia. Akaenda Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu, simu haishiki, hata siku ya kuondoa matanga hakuja. Kila Jumapili Maman Godelive anamwekea sahani, na kila Jumapili anaiondoa imejaa. Tuna uchungu, Papa, na hasira pia tunayo, juu yako. Uliwakinga wote waliokaa mezani, ukamwacha mwanao peke yake.

Ndiyo maana leo Maman anaivunja ahadi yake, na anakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma. Dany hakukuua. Uliijua harufu ukameza, kwa heshima ya nyumba yako. Aliyeijaza chupa ile hatumjui, Mungu anamjua.

Misa yako ni Jumamosi hii asubuhi. Kisha tutakula sambaza nyumbani. Mfikie Dany, Papa, huko simu isikoshika, umwambie aje, kwa sababu yeye ndiye atakayemimina. Desturi inasema anayemimina aonje. Maman Godelive amekataa: Dany asionje. Atampa mama yake glasi mkononi, na mama ataimaliza wa kwanza, wakwe na majirani wote wakitazama.

Wanaokukumbuka ni mke wako Godelive, wanao Dany, Fabiola na Priscille, mkweo Mugisho, mume wa Fabiola, na Mzee Alphonse, ambaye yu hai kwa sababu yako.

Hatutakusahau, Papa, kila tutakapopeana glasi.